Wimbo gani umetamba kuliko wote? Namna ya kuzipanga nyimbo za pop

Hapa Dodoma, kuanzia vijiwe vya Jamatini hadi mabweni ya UDOM, ubishi wa wimbo uliotamba kuliko wote huishia pale mmoja anapotoa simu na kufungua YouTube. Namba zinasomwa, mwenye namba kubwa anatangazwa mshindi, watu wanarudi kwenye chai. Tatizo ni kwamba YouTube ilianza 2005. Wimbo wa 1992 uliingia huko ukiwa na umri wa miaka kumi na tatu, wakati mashabiki wake walishanunua kaseti na CD na kuzisikiliza mpaka zikachakaa. Ukiulinganisha kwa namba za YouTube na wimbo wa 2017, umelinganisha vizazi viwili vya teknolojia.

Anayetaka kupanga orodha ya nyimbo za pop za miaka thelathini na kitu iliyopita inabidi kwanza aamue anapima nini. Vipimo viko vingi na kila kimoja kina kilema chake. Mauzo ya singo, yaani wimbo mmoja unaouzwa peke yake, yalikuwa kipimo kizuri mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Vyeti vya platinamu vinavutia macho, ila cheti cha Marekani ni nakala 1,000,000 na cha Uingereza ni 600,000, na kule Marekani kampuni ya muziki ndiyo inayoomba na kulipia ukaguzi, kwa hiyo wimbo usio na mtu wa kuufuatilia unaweza kukaa bila cheti. Tena siku hizi "nakala" si nakala: Marekani, kusikilizwa mara 150 mtandaoni kunahesabiwa kama kuuza moja. Striming yenyewe inapendelea nyimbo mpya kwa sababu idadi ya wanaolipia inaongezeka kila mwaka. Spotify kwa mfano ilifika Tanzania Februari 2021 tu.

Kipimo kinachovumilia mabadiliko haya kuliko vingine ni nafasi kwenye chati ya wiki. Namba moja ya 1992 ilikuwa wimbo uliowashinda wenzake wote wiki ile kwa njia iliyokuwepo wakati ule, na namba moja ya 2020 vilevile. Hot 100 ya jarida la Billboard, yaani chati ya nyimbo mia ya Marekani, ipo tangu Agosti 1958, chati ya singo ya Uingereza tangu Novemba 1952, na zote mbili zimehifadhiwa wiki kwa wiki mtandaoni. Hiyo ndiyo malighafi. Mtu mwenye Excel, kifurushi cha kawaida na uvumilivu anaweza kufanya kazi yote akiwa Area C.

Fungua jedwali lenye safu tano: wimbo, msanii, tarehe ya chati, nafasi, pointi. Kila wiki ya kila wimbo ni mstari wake. Usiandike muhtasari wa "wiki 14 namba moja" ukaishia hapo, maana utahitaji na zile wiki ulizokaa namba 8 au 23. Angalia tarehe: chati ya Billboard hubeba tarehe ya Jumamosi iliyo mbele ya wiki iliyohesabiwa, kwa hiyo wimbo unaweza kuonekana umechelewa kuingia wakati haukuchelewa. Na tangu Julai 2015 nyimbo duniani hutolewa Ijumaa. Ukichanganya tarehe ya kutoka na tarehe ya chati, hesabu zako za "ulifika namba moja baada ya wiki ngapi" zitakuwa pungufu au zidifu kwa wiki moja au mbili kila mahali.

Sasa pointi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Njia inayomjia kila mtu haraka ni namba moja pointi 100, namba mbili 99, hadi namba 100 pointi 1. Ijaribu. Wimbo uliokaa namba moja wiki 19 unapata 1,900. Wimbo mwingine uliojikokota namba 40 kwa wiki 60, usioukumbuka hata jina, unapata 61 mara 60, yaani 3,660. Jedwali limekwambia kitu ambacho masikio yako yanakikataa, na masikio ndiyo yako sahihi. Mauzo kati ya namba 1 na namba 40 hayashuki ngazi kwa ngazi kwa hatua sawa. Yanaporomoka juu, halafu chini yanatulia.

Ukikimbilia upande wa pili ukagawa 1,000 kwa nafasi, namba 40 inapata pointi 25 tu, na wiki moja ya kileleni inafunika wiki arobaini za chini. Hiyo nayo ni kali mno, kwa sababu inawabeba wasanii wenye jeshi la mashabiki wa kununua wiki ya kwanza kisha wimbo unapotea. Kanuni inayofanya kazi vizuri ni ya katikati: 100 gawanya kwa kipeuo cha pili cha nafasi. Namba 1 inapata 100, namba 4 inapata 50, namba 10 inapata 31.6, namba 25 inapata 20, namba 100 inapata 10. Kwenye Excel ni =100/SQRT(D2) na unaburuta hadi chini. Ule wimbo wa namba 40 kwa wiki 60 sasa una kama 949, na ule wa wiki 19 kileleni una 1,900 zake kabla hujaongeza wiki nyingine zozote. Mpangilio umekaa.

Hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha orodha ya maana na orodha ya kijiweni: kusahihisha zama. Kabla ya mwishoni mwa 1991, chati ya Marekani ilitegemea taarifa za mdomo. Duka linapigiwa simu, muuzaji anataja zinazouzika. Muuzaji mwenye maboksi ya wimbo mpya yaliyomlalia stoo alikuwa na kila sababu ya kuutaja huo, na redio nazo zilipenda kuonekana zina vitu vipya. Nyimbo zikawa zinapanda haraka na kushuka haraka. Chati ya 30 Novemba 1991 ilianza kutumia mauzo yanayosomwa na mashine kaunta na kompyuta zinazotambua nyimbo zinazopigwa redioni. Ikagundulika kwamba wanunuzi hawachoki haraka kama maduka yalivyodai. Angalia kilichotokea: 1992 Boyz II Men walikaa namba moja wiki 13 na "End of the Road", rekodi mpya. Kabla vumbi halijatulia Whitney Houston akakaa 14 na "I Will Always Love You". Mwishoni mwa 1995 Mariah Carey na hao hao Boyz II Men wakaanza wiki 16 za "One Sweet Day". Watu hawakuanza ghafla kupenda muziki zaidi. Kilichobadilika ni mizani.

Kwa hiyo usilinganishe pointi ghafi za 1986 na za 2020. Chukua nyimbo kumi zenye pointi nyingi za kila mwaka, tafuta wastani wake, kisha gawanya pointi za wimbo wako kwa wastani huo. Tuseme wimbo wa 1986 una pointi 1,100 na wastani wa kumi bora wa mwaka wake ni 900: unapata 1.22. Wa 2020 una 2,300 na wastani wa mwaka wake ni 2,000: unapata 1.15. Wa zamani umeshinda, ingawa kwa pointi ghafi ulikuwa nusu ya mwenzake. Billboard wenyewe wakipanga orodha yao ya wakati wote hufanya kitu cha aina hii, wanapima zama kwa uzito tofauti. Ndiyo maana "The Twist" ya Chubby Checker, wimbo uliofika namba moja 1960 na tena 1962, iliongoza orodha yao hadi Novemba 2021.

Wimbo uwekwe mwaka uliofikia kilele, na wiki zake zote zihesabiwe huko. Wanaokata hesabu tarehe 31 Desemba huzionea nyimbo za Novemba kila mwaka, pointi zake zinagawanyika kama mirathi na hakuna mwaka unaompa mwenyewe haki yake.

Kuna mashimo matatu ambayo kanuni haiwezi kuyafukia, lazima uyajue kwa majina. La kwanza ni la miaka ya 1990. Hadi Desemba 1998, wimbo usiouzwa dukani kama singo haukuruhusiwa kuingia Hot 100. Kampuni zikagundua kwamba ukilinyima soko singo, watu watanunua albamu nzima. "Don't Speak" ya No Doubt ilikaa kileleni mwa chati ya redio ya Marekani wiki 16, na kwenye Hot 100 haikuonekana hata siku moja. "Torn" ya Natalie Imbruglia iliongoza redio wiki 11, na kanuni ilipobadilishwa ilikuwa imeshapoa, ikaishia namba 42. Jedwali lako litakwambia nyimbo hizi hazikutamba. Kwa miaka ya 1995 hadi 1998 weka pembeni chati ya redio, na chati ya Uingereza ikusaidie, maana kule "Don't Speak" ilifika namba moja kama kawaida.

La pili ni YouTube. "Gangnam Style" ya PSY ilikuwa video ya kwanza kufikisha watazamaji bilioni moja, Desemba 2012. Kwenye Hot 100 iligota namba mbili kwa wiki saba, kwa sababu YouTube ilikuwa haijaanza kuhesabiwa. Ilianza kuhesabiwa Februari 2013, na wiki ile ile "Harlem Shake" ya Baauer ikaingia moja kwa moja namba moja. Miezi michache tu ya bahati mbaya. Ukiona orodha inayomweka PSY chini ya hamsini bora za miaka ya 2010, mtengenezaji wake amesoma chati bila kusoma kanuni za chati.

La tatu ni nyimbo zinazofufuka. "All I Want for Christmas Is You" ya Mariah Carey ilitoka 1994 na ikafika namba moja Marekani kwa mara ya kwanza Desemba 2019, kisha ikawa inarudi kila Krismasi. Kate Bush alitoa "Running Up That Hill" 1985 ikafika namba 3 Uingereza. 2022 baada ya kutumika kwenye tamthilia ya televisheni ikawa namba moja kule. Uamuzi wangu ni huu: kila mzunguko uhesabiwe peke yake kwa wastani wa mwaka wake, kisha uchukue mzunguko bora na nusu ya mingine. Unaweza kukataa hiyo nusu. Usichoweza ni kubadilisha kanuni katikati ya orodha kwa sababu unampenda Mariah.

Kuhusu rimiksi, Billboard hujumlisha matoleo. Wiki 16 za "Despacito" mwaka 2017 zina nguvu ya toleo la Justin Bieber la Aprili, lakini video yenye mabilioni ya watazamaji ni ile ya Januari ya Luis Fonsi na Daddy Yankee, Bieber hayumo. Wimbo uliorudiwa na msanii mwingine ni wimbo mwingine: Dolly Parton aliandika "I Will Always Love You" 1973 na kuitoa 1974, na pointi zake hazimhusu Whitney.

Sasa orodha yenyewe, kuanzia 1990, kwa kuchanganya Marekani na Uingereza na kuangalia dunia nyingine ilisemaje.

Juu kabisa ni "Blinding Lights" ya The Weeknd, na sioni wa kuisogelea. Ilikaa namba moja wiki 4 tu. Wanaohesabu kilele peke yake huishangaa hapo. Lakini ilikaa kumi bora wiki 57 na Hot 100 wiki 90. Tumia kanuni yetu kwa uchoyo kabisa: wiki 4 kwa pointi 100, wiki 53 nyingine za kumi bora kwa 31.6 kana kwamba zote zilikuwa namba 10, na wiki 33 zilizobaki kwa pointi 10 kana kwamba zote zilikuwa namba 100. Unapata kama 2,400, na hiyo ni sakafu. Ndiyo iliyoipindua "The Twist" kwenye orodha ya Billboard, na IFPI, shirika la kimataifa la kampuni za muziki, liliitaja kuwa singo ya mwaka 2020 duniani.

Ya pili naweka "I Will Always Love You" ya Whitney. Wiki 14 Marekani, wiki 10 Uingereza, enzi ya kununua kitu cha kushika mkononi. Ya tatu "Shape of You" ya Ed Sheeran: wiki 12 Marekani, 14 Uingereza, na ndiyo ya kwanza kufikisha bilioni tatu Spotify, Desemba 2021. Nne ni "Uptown Funk" ya Mark Ronson na Bruno Mars, wiki 14 Marekani na 7 Uingereza. Tano "Despacito", ambayo ingepanda zaidi kama tungehesabu Amerika ya Kusini na Hispania, na kwa kweli tungepaswa. Billboard ilianza chati ya dunia Septemba 2020 tu, kwa hiyo hakuna data ya wiki kwa wiki ya kuaminika ya kabla ya hapo.

"Candle in the Wind 1997" ya Elton John ndiyo inayosumbua. Nakala milioni 33 duniani, wiki 14 namba moja Marekani, singo iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza. Kwa mauzo ndiyo ya kwanza, hakuna mjadala. Lakini watu walikuwa wananunua rambirambi ya Princess Diana na kuchangia mfuko wake. Naiweka ya sita, na anayeiweka ya kwanza sitagombana naye. Ya saba "Believe" ya Cher, wiki 7 Uingereza na 4 Marekani. "Smooth" ya Santana na Rob Thomas Billboard wanaipandisha sana kwa wiki 12 zake za 1999 na 2000, lakini Uingereza iliishia namba 3, kwa hiyo kwangu ni ya nane. Tisa ni "Macarena", wiki 14 Marekani mwaka 1996. Kumi ni "Old Town Road" ya Lil Nas X: rekodi ya wiki 19 mwaka 2019, ila ni wimbo wa Marekani zaidi kuliko wa dunia. Shaboozey aliifikia rekodi hiyo 2024 na kilema ni kile kile.

Waafrika je? "Calm Down" ya Rema na Selena Gomez ilifika namba 3 Hot 100 na kukaa wiki 57. Kwa kanuni hii inaingia kwenye hamsini bora za miaka hii bila kubebwa.

Bongo Fleva ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu malighafi haipo. Hatuna chati ya wiki iliyohifadhiwa tangu 2000. Nyimbo za enzi ya kaseti, za Professor Jay, Lady Jaydee au Mr. Nice na Takeu yake, ziliuzwa kupitia wasambazaji wa Kariakoo bila hesabu za wazi na kudurufiwa mitaani bila hesabu yoyote. Leo ziko YouTube kwenye akaunti za watu mbalimbali, kila moja na vijinamba vyake. Kura za ujumbe mfupi za redio zinapima nani ana salio na timu. Namba za siku ya kwanza ni mbaya zaidi: Agosti 2017 "Seduce Me" ya Alikiba na "Zilipendwa" ya Wasafi zilitoka kwa kufuatana, na Timu Kiba na Timu Diamond zilikesha zikibonyeza. Namba zile zilipima ushindani, tena vizuri sana, lakini si muda wimbo utakaoishi.

Kwa nyimbo za kabla ya 2010 tegemea wateule wa Tuzo za Kilimanjaro, zilizoanza 1999 na kusimama baada ya 2015, na magazeti ya burudani ya wakati huo. Tuzo zilirejea 2022 chini ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Baada ya 2012 YouTube inatumika, kwa sharti moja: usitazame jumla. Tazama wimbo una watazamaji wangapi ukigawanya kwa wastani wa nyimbo kumi bora za mwaka ule ule, kama tulivyofanya juu. Ndivyo "Number One" ya Diamond ya 2013 inavyoweza kusimama mbele ya "Waah!" ya 2020 bila kuonewa na simu janja zilizoongezeka katikati.

Kwa nyimbo za sasa unaweza kuhesabu mwenyewe mtaani. Chagua sehemu zisizofanana: stendi ya Nanenane, Soko la Majengo, saluni mbili za mitaa tofauti, kijiwe cha bodaboda, sherehe moja ya Jumamosi. Asubuhi, mchana na jioni, andika nyimbo kumi za kwanza unazosikia. Wimbo mmoja upate pointi moja tu kwa sehemu kwa kipindi, hata ukipigwa mara nne, la sivyo unahesabu mapenzi ya mwenye spika.

Bajaji zinahitaji tahadhari ya pekee. Madereva wengi wa kituo kimoja wameingiziwa nyimbo kwenye flashi na kibanda kimoja, folda ile ile, kwa hiyo bajaji kumi zinaweza kuwa sauti ya kijana mmoja mwenye kompyuta. Na redio nyingi za bei nafuu zinaanza upya faili la kwanza kila injini inapozimwa na kuwashwa. Wimbo ambao jina la faili lake linaanza na 01 au A utausikia mchana kutwa kati ya Sabasaba na Makole, na ule wa herufi Z atauambulia abiria anayekwenda mbali. Muulize dereva kwa upole akuonyeshe kioo cha redio. Kikisoma wimbo wa 1, 2 au 3 kwenye folda, usiuhesabu mpaka uusikie pia kwenye saluni au sokoni.

Rudia zoezi kila wiki kwa angalau miezi mitatu kabla ya kutangaza mshindi, na uweke wiki za Krismasi na Idi kwenye safu yake, kwa sababu nyimbo za sherehe na kaswida hupanda wakati huo na kushuka wiki inayofuata.